Antioksidanti na ngozi inayozeeka: krimu ipi inasaidia, kidonge kipi ukiache dukani

Nianze na jibu, maana wengi wanalitafuta hilo tu. Krimu yenye antioksidanti (viambato kama vitamini C na E vinavyozuia madhara ya molekuli haribifu), ikiwa imetengenezwa vizuri, inaweza kuisaidia ngozi kwa kiasi kidogo, mradi ipakwe chini ya kinga ya jua na si badala yake. Vidonge vya antioksidanti, kwa mtu mzima anayekula vizuri, havijathibitika kuchelewesha makunyanzi, na baadhi yake kwa dozi kubwa vimewadhuru waliovimeza. Kama una pesa ya kitu kimoja tu, nunua kinga ya jua, halafu soma yaliyobaki kwa raha zako.

Kama una pesa ya zaidi ya hapo, au tayari una chupa tatu mezani na hujui ushike ipi, fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Mpangilio una maana: hatua ya tano haina faida kwa aliyeiruka ya tatu.

Hatua ya 1: Kagua ngozi yako sehemu mbili

Simama karibu na dirisha mchana. Inua mkono, utazame ngozi ya upande wa ndani, juu karibu na kwapa. Kisha utazame mgongo wa mkono huohuo, pale juu ya vidole. Ngozi hizo mbili zina umri mmoja, lakini hazifanani. Ile ya ndani aghalabu ni laini na rangi yake ni moja. Ya nje ina madoa, vistari na ukavu, na ukiifinya kidogo inachelewa kurudi mahali pake.

Tofauti hiyo unayoiona ndiyo sehemu ya uzee iliyoletwa na jua, na ndiyo hasa ambayo krimu na kinga zinaweza kuigusa. Sehemu nyingine, ule ulegevu wa taratibu unaoipata hata ngozi iliyofichwa ndani ya nguo maisha yote, ni kazi ya umri na urithi. Kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, hupungua kwa takriban asilimia 1 kila mwaka wa utu uzima, na hakuna seramu ya dukani iliyoonyesha kwamba inausimamisha mwendo huo.

Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya dereva wa lori mwenye miaka 69 aliyekuwa ameendesha kwa miaka 28. Upande wa kulia wa uso wake ulikuwa wa mtu wa umri wake. Upande wa kushoto, uliokuwa ukikaa dirishani, ulikuwa na mifereji mizito kana kwamba ni uso wa mtu mwingine. Kioo cha gari huzuia sehemu kubwa ya miale ya jua iitwayo UVB, ile inayounguza, lakini kioo cha kawaida cha pembeni huipitisha miale ya UVA, nayo huzama hadi tabaka la ndani la ngozi, iliko kolajeni.

Mwenye ngozi nyeusi asome aya hii mara mbili. Melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, ni kinga ya kweli: vipimo vilivyochapishwa mwaka 1979 vilionyesha kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi lilizuia UVB kwa kiasi cha SPF (kipimo cha uwezo wa kuzuia miale inayounguza) 13 hivi, huku la ngozi nyeupe likiishia kama 3. Ndiyo maana makunyanzi huchelewa. Lakini uzee wa jua kwenye ngozi nyeusi huja kwa mlango mwingine: madoa, rangi isiyolingana, weusi unaobaki baada ya kila chunusi. Ukisoma matangazo yanayozungumzia mikunjo tu, unaweza kununua dawa ya tatizo usilo nalo.

Hatua ya 2: Ielewe hoja kabla hujauziwa

Hoja nzima ya antioksidanti ina mzizi wake mwaka 1956, pale Denham Harman wa Marekani alipopendekeza kwamba miili yetu inazeeka kwa sababu ya radikali huru, yaani molekuli zilizopungukiwa elektroni ambazo hunyang'anya elektroni kwenye mafuta, protini na DNA za seli. Jua, moshi wa sigara na uchafuzi wa hewa huziongeza. Kwenye ngozi, UVA ikizizalisha kwa wingi, seli hupokea ishara ya kutengeneza vimeng'enya vinavyokatakata kolajeni. Hadi hapo maelezo ya wauzaji ni sahihi.

Wanapoteleza ni kwenye hatua inayofuata: kwamba kama radikali ni mbaya, basi kadiri unavyomeza antioksidanti nyingi ndivyo unavyobaki kijana. Mwili si gudulia la kumwagiwa dawa. Una vimeng'enya vyake wenyewe vya kuzidhibiti radikali, na zaidi ya hapo unazitumia baadhi yake kama ujumbe. Mwaka 2009 watafiti nchini Ujerumani waliwapa vijana wa kiume waliokuwa kwenye mazoezi miligramu 1,000 za vitamini C na uniti 400 za vitamini E kwa siku. Mazoezi huufanya mwili uitikie insulini vizuri zaidi. Kwa waliomeza vidonge, faida hiyo haikuonekana. Vidonge vilikuwa vimezima ujumbe ambao misuli iliuhitaji ili ijiimarishe.

Kwa hiyo kila ukiona maneno "hupambana na radikali huru" kwenye boksi, jua kwamba huo ni ushahidi wa maabara tu. Swali lako liwe: je, imepimwa kwenye ngozi ya watu, kwa miezi, ikilinganishwa na krimu isiyo na kiambato hicho?

Hatua ya 3: Kwanza ziba chanzo

Bahati nzuri swali hilo liliwahi kuulizwa ana kwa ana, vidonge upande mmoja na kinga ya jua upande mwingine. Huko Nambour, mji mdogo wa jua kali katika jimbo la Queensland, Australia, watafiti waliwagawa watu kwa bahati nasibu kuanzia mwaka 1992. Wengine walitakiwa kupaka kinga ya jua kila siku, wengine walijipakia walipotaka. Papo hapo, wengine walipewa miligramu 30 za beta-karotini, antioksidanti iliyokuwa ikisifiwa sana wakati ule, na wengine kidonge kisicho na kitu. Ili kupima uzee hawakutegemea macho tu: walichukua chapa ya silikoni ya mgongo wa mkono na kuisoma mistari yake kwa darubini.

Matokeo ya watu 903 wenye umri chini ya miaka 55 yalichapishwa mwaka 2013. Baada ya miaka minne na nusu, waliopaka kila siku hawakuonyesha ongezeko la uzee wa ngozi lililoweza kupimika, na dalili zao zilikuwa pungufu kwa asilimia 24 kuliko za wenzao. Beta-karotini, kwa ujumla, haikuleta tofauti. Ningekuwa na uwezo wa kubandika jedwali moja kwenye kila duka la virutubisho, ningebandika hilo.

Sasa namna ya kufanya:

- Chagua SPF 30 au zaidi yenye maandishi ya kukinga dhidi ya UVA pia. SPF 15 ikipakwa ipasavyo huzuia takriban asilimia 93 ya miale inayounguza, 30 asilimia 97, 50 asilimia 98. Usihangaike na 100.
- Kiasi ndicho kinachowashinda wengi. Namba ya SPF hupimwa kwa miligramu 2 kwa kila sentimita moja ya mraba, kiasi ambacho karibu hakuna anayekifikia nyumbani. Kwa uso na shingo, chora mistari miwili minene kwenye urefu wa vidole viwili, cha shahada na cha kati, upake yote. Ikionekana nyingi mno, ujue hapo ndipo imefikia kiasi cha kutosha.
- Ukiwa nje, rudia kila baada ya saa mbili, na kila baada ya kutoka jasho jingi au kuogelea.
- Kama shida yako ni madoa, tafuta kinga ya jua yenye rangi. Mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho nao huchochea madoa, hasa kwenye ngozi nyeusi, na kinga nyingi zisizo na rangi haziuzuii. Kinachouzuia ni oksidi za chuma, zinazotajwa kwenye lebo kwa namba CI 77491, 77492 na 77499. Rangi hizo pia huondoa ule weupe wa majivu unaowafanya wengi waichukie kinga ya jua.

Kofia pana na kivuli havina lebo ya kusoma. Sigara nayo, ukiiacha, ngozi ya kuzunguka midomo na macho itakushukuru kuliko itakavyoishukuru seramu yoyote.

Hatua ya 4: Pitia vidonge kimoja kimoja

Toa vyote mezani. Geuza kila chupa usome nyuma, kwenye kile kijedwali cha viambato na dozi. Mbele ya chupa ni tangazo.

*Beta-karotini.* Kama unavuta sigara au umevuta kwa miaka mingi, usimeze kabisa. Nchini Finland, utafiti uliochapishwa mwaka 1994 uliwafuatilia wanaume wavutaji 29,133. Waliopewa miligramu 20 kwa siku walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18, si pungufu kama ilivyotarajiwa. Utafiti mwingine mkubwa wa Marekani, uliochanganya beta-karotini na vitamini A, ulisimamishwa mapema mwaka 1996 kwa sababu hiyohiyo, ongezeko likiwa asilimia 28. Ni kweli kwamba karotini zikitumiwa kwa wiki zisizopungua 10 huipunguzia ngozi uwekundu wa kuungua jua, lakini kinga yenyewe ni ndogo mno kulinganisha na ya krimu. Ile ya kwenye karoti, maboga na mboga za majani haina tatizo, kula.

*Vitamini E.* Uniti 400, dozi ya kawaida kwenye vidonge vya "ngozi na nywele", ndiyo iliyotumika kwenye utafiti wa zaidi ya wanaume 35,000 huko Amerika Kaskazini. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba waliomeza vitamini E peke yake walipata saratani ya tezi dume zaidi kwa asilimia 17. Vitamini E nyingi pia hupunguza uwezo wa damu kuganda. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au anayesubiri upasuaji, asiiguse bila kumwambia daktari.

*Seleniamu.* Hapa kuna kichekesho. Inauzwa kwa ajili ya nywele na kucha, na dalili za kuizidisha ni nywele kunyonyoka na kucha kukatika. Kikomo cha mtu mzima nchini Marekani ni mikrogramu 400 kwa siku kutoka vyanzo vyote, chakula kikiwemo. Na katika utafiti mmoja wa Marekani uliowahusu watu waliowahi kuugua saratani ya ngozi, waliopewa seleniamu walipata aina fulani za saratani hiyo mara nyingi zaidi kuliko waliopewa kidonge kitupu.

*Vitamini C.* Hii ni ya amani zaidi, na mwili unaihitaji kweli: bila hiyo kolajeni haisukwi sawasawa, ndiyo maana wenye kiseyeye hutoka damu kwenye fizi na vidonda vyao havifungi. Lakini mahitaji ni madogo, miligramu 75 kwa mwanamke na 90 kwa mwanamume kwa siku, na damu hufikia ukingo wake kwenye miligramu 200 hadi 400. Zaidi ya hapo unailipia ikatoke kwenye mkojo. Ukipita miligramu 2,000 tumbo huanza kuharisha, na waliowahi kupata mawe ya figo wana sababu ya ziada ya kuiogopa.

*Vitamini A.* Ni vigumu kuitoa mwilini ikishazidi, kwa kuwa huhifadhiwa kwenye ini. Mjamzito, au anayetarajia kuwa, asimeze dozi kubwa: inaweza kumletea mtoto kasoro za maumbile.

*Mchanganyiko wa "nywele, ngozi na kucha".* Huwa na biotini nyingi kupita kiasi. Biotini si antioksidanti ya maana kwenye ngozi, lakini inaingilia baadhi ya vipimo vya damu, vikiwemo vya moyo na vya tezi ya shingo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu hilo mwaka 2017. Ukienda maabara, taja kwamba unaitumia.

Uchambuzi mkubwa wa tafiti 78, uliowajumuisha watu karibu 297,000 na kutolewa upya mwaka 2012 na mtandao wa watafiti wa Cochrane, haukukuta kwamba vidonge vya antioksidanti vinarefusha maisha. Beta-karotini na vitamini E zilionekana kuongeza vifo kidogo. Ukiwa na upungufu uliothibitishwa na kipimo, hilo ni jambo jingine: hiyo ni tiba, na mwenye kuiandika ni daktari.

Vipi kuhusu chakula? Kuna utafiti mdogo wa Kijerumani wa mwaka 2001 ninaoupenda kwa urahisi wake. Watu walikula gramu 40 za nyanya ya kopo na gramu 10 za mafuta ya zeituni kila siku. Baada ya wiki 10, uwekundu wao baada ya kumulikwa miale ulikuwa umepungua kwa asilimia 40 hivi kuliko wa wenzao. Haikuwa kinga ya kutembelea juani, lakini hakuna aliyedhurika kwa kula nyanya.

Hatua ya 5: Chagua krimu kwa kusoma nyuma yake

Krimu ina faida moja ambayo kidonge hakina: inaiweka vitamini palepale inapotakiwa. Ina tatizo moja pia: ngozi iliumbwa kuzuia vitu visiingie. Kwa kawaida molekuli yenye uzito unaozidi daltoni 500 (daltoni ni kizio cha uzito wa molekuli) hupenya kwa shida sana. Vitamini C ina 176, inapita ikiandaliwa vizuri. Koenzaimu Q10, inayosifiwa kwenye krimu nyingi, ina 863. Kolajeni ina mamia ya maelfu. Ile ya kwenye krimu inalainisha tu kwa juu.

Visome viambato ukijua sheria nyingi za vipodozi zinavyotaka: huorodheshwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo, isipokuwa vilivyo chini ya asilimia 1 vinaweza kupangwa vyovyote. Chukua mfano wa lebo kama hii ya krimu ya "chai ya kijani na vitamini E":

Aqua, Glycerin, Cetearyl Alcohol, Dimethicone, Phenoxyethanol, Parfum, Tocopherol, Camellia Sinensis Leaf Extract.

Phenoxyethanol ni kihifadhi ambacho kwa kawaida hakizidishwi asilimia 1. Kwa hiyo kila kilichoandikwa baada yake huenda hakifiki hapo. Tocopherol ndiyo vitamini E, na Camellia ndiyo chai. Zote mbili zimekuja nyuma ya marashi. Ulichoshika mkononi ni krimu nzuri tu ya kulainisha ngozi, yenye glisirini, iliyopewa jina la chai ili ipande bei.

Kwa antioksidanti, mimi ningetafuta vitu viwili tu.

Cha kwanza ni vitamini C halisi, inayoandikwa Ascorbic Acid au L-Ascorbic Acid. Ndiyo iliyochunguzwa kuliko zote. Ili ipenye, majaribio ya mwaka 2001 yalionyesha kwamba pH, yaani kipimo cha uasidi, iwe chini ya 3.5, na kwamba kupita asilimia 20 hakuongezi kitu. Tafuta iliyo kati ya asilimia 10 na 20. Ngozi nyepesi kukasirika inaweza kuanza na 5: jaribio moja la Ufaransa lilitumia krimu ya asilimia 5 kwa miezi sita kwa wanawake wachache na likaona mikunjo imepungua kuliko upande uliopakwa krimu tupu. Ukiona pia vitamini E na asidi ya feruliki kwenye chupa hiyohiyo, ni afadhali zaidi. Mwaka 2005 watafiti waliongeza asilimia 0.5 ya asidi hiyo kwenye mchanganyiko wa C asilimia 15 na E asilimia 1, na kinga dhidi ya miale ikapanda kutoka mara nne hadi mara nane hivi. Jaribio hilo lilifanywa kwenye ngozi ya nguruwe, jambo ambalo matangazo hayapendi kulitaja.

Vitamini C ina tabia ya kuharibika ikikutana na hewa, mwanga na joto. Ikatae chupa ya kioo kinachoonyesha ndani na mkebe wa kuchovya kidole. Nunua chupa nyeusi au ya kahawia, au yenye pampu isiyoingiza hewa, na ndogo. Ukifika nyumbani, dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe ya tishu. Isiyo na rangi au ya manjano hafifu ni nzima. Ikiwa rangi ya machungwa au kahawia, vitamini imeshakufa, na kinachobaki kinaweza hata kutia ngozi rangi ya manjano. Rudia kipimo hicho kila wiki chache, na uitunze mahali pa baridi na giza. Bafuni si mahali pake.

Kuna jamaa zake wapole zaidi, kama Ascorbyl Glucoside na Sodium Ascorbyl Phosphate. Hazikasirishi ngozi wala haziharibiki haraka, ila ushahidi wake ni mwembamba. Kwa mwenye ngozi inayowashwa na kila kitu, ni mahali pa kuanzia.

Cha pili ni niasinamidi, aina ya vitamini B3, kati ya asilimia 4 na 5. Katika jaribio la wiki 12, krimu ya asilimia 5 ilipunguza madoa na vistari kwa kiasi. Watafiti walikuwa wa kampuni ya vipodozi, na waliopimwa ni wanawake weupe, kwa hiyo pokea kwa kipimo. Lakini ni nafuu, haiharibiki kirahisi na ngozi nyingi huivumilia. Kwa madoa ya ngozi nyeusi ningeanza nayo kabla ya vitamini C kali, kwa sababu muwasho wenyewe huacha weusi.

Vitamini E peke yake kwenye kovu, ile desturi ya kupasua kidonge na kupaka mafuta yake, iache. Katika jaribio dogo la mwaka 1999, kwa wengi haikuleta tofauti au ililifanya kovu liwe baya zaidi, na theluthi moja walipata upele wa mzio.

Hatua ya 6: Ipake ili ifanye kazi

Kabla ya kuileta usoni, paka kidogo ndani ya kiwiko au nyuma ya sikio mara moja kwa siku, siku kadhaa mfululizo. Ikiwasha au kuvimba, imekwisha hapo.

Asubuhi: osha uso, ukaushe, paka matone manne au matano ya vitamini C usoni na shingoni, subiri ikauke, kisha mafuta au losheni yako ya kawaida ukihitaji, mwisho kabisa kinga ya jua. Kwa wiki mbili za kwanza, paka siku moja na uruke moja. Kuchonyota kwa dakika moja ni kawaida kwa sababu ni asidi. Kuungua kunakoendelea si kawaida. Usiipake pamoja na benzoili peroksaidi ya chunusi, kwani hiyo huiharibu. Tenganisha, moja asubuhi na nyingine usiku.

Ukisahau siku moja usiogope. Vitamini C ikishaingia ndani ya ngozi huchukua siku kama nne kupungua nusu, na haioshwi na maji.

Na kitu kipya kiwe kimoja kwa wakati. Ukianza vitatu pamoja na uso ukavimba, hutajua wa kumlaumu.

Hatua ya 7: Usiku ni wa retinoidi

Hapa tunatoka kidogo kwenye antioksidanti, lakini ningekuwa nakudanganya kwa kunyamaza. Krimu yenye ushahidi mzito kuliko zote wa kupunguza makunyanzi yaliyokwisha kuingia ni tretinoini, mojawapo ya retinoidi, yaani dawa za familia ya vitamini A, iliyotajwa kwa kazi hiyo katika utafiti wa Albert Kligman na wenzake mwaka 1986. Huandikwa na daktari. Retinoli ya dukani ni ndugu yake mdogo: inafanya kazi polepole, na ni mpole zaidi kwa ngozi. Anza usiku mbili kwa wiki, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, na utegemee ukavu na kubabuka mwanzoni. Matokeo huhesabiwa kwa miezi, kati ya mitatu na sita. Mjamzito asitumie yoyote kati ya hizo.

Hatua ya 8: Ikatae sindano ya glutathioni

Glutathioni ni antioksidanti kweli, tena mwili unaitengeneza wenyewe. Mlango huo ndio wanaoutumia wanaoiuza kwa sindano au dripu kama dawa ya "kung'arisha na kurudisha ujana". Hakuna ushahidi wa maana kwamba inachelewesha kuzeeka kwa ngozi, na mamlaka ya dawa ya Ufilipino imewahi kuonya hadharani kuhusu madhara yake kwenye ini, figo na mfumo wa fahamu, pamoja na upele mkali unaoweza kuua. Ongeza hatari ya sindano isiyo safi. Na ukimeza vidonge vyake, sehemu kubwa humeng'enywa tumboni kama protini nyingine.

Krimu ya kung'arisha isiyo na orodha ya viambato iweke kundi hilohilo. Zebaki na steroidi kali zimekutwa humo mara nyingi. Steroidi ikitumika muda mrefu huifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi, yaani inaizeesha.

Hatua ya 9: Pima, usikisie

Kioo cha kila asubuhi hakifai kwa kazi hii, macho huzoea. Piga picha siku ya kwanza: dirisha lilelile, saa ileile, bila kipodozi, uso ukiwa mkavu, mbele na pande zote mbili. Ukavu ni muhimu kwa sababu krimu yoyote yenye glisirini hujaza maji tabaka la juu na kuvilainisha vistari kwa saa chache, na hapo utaisifia antioksidanti kwa kazi ya glisirini. Rudia kila mwezi, ulinganishe baada ya wiki 12. Ukiwa na uvumilivu, paka seramu upande mmoja tu wa uso kwa wiki hizo, kinga ya jua pande zote. Watafiti hufanya hivyohivyo. Usipoona tofauti kati ya pande mbili, usinunue chupa ya pili.

Wakati unapiga picha, kagua pia madoa yenyewe. Lenye pande mbili zisizofanana, kingo zilizochakaa, rangi zaidi ya moja, upana unaozidi milimita 6, au linalobadilika mwezi hadi mwezi, lipeleke kwa daktari wa ngozi kabla ya kulipaka chochote. Kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa nacho vivyo hivyo. Kwa mwenye ngozi nyeusi, tazama hasa nyayo, viganja na chini ya kucha, kwani melanoma (saratani hatari ya ngozi) ya ngozi nyeusi hupenda kujitokeza huko, mahali ambapo hakuna anayepaka seramu.